Mashimo Matatu

Jumatano saa tisa, kabla mvua ya Kakamega
haijaja kudai zamu yake,
namwachia Nekoye duka la dawa na funguo zake,
nabeba fimbo tano
katika mfuko ulioshonewa fimbo kumi na nne.

Sina handikapu. Karani aliniuliza, nikamwambia
weka kistari.
Nacheza na Chesang, daktari wa ng'ombe,
apigaye kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye mahindi,
na mwalimu Lisamula, ahesabuye mapigo yake
jinsi mkopaji ahesabuvyo deni:
kila likipita mdomoni linapungua.
Hatuwekeani dau. Aliyeshindwa hununua chai,
na aliyeshindwa ni yeyote mwenye chenji.

Sijawaambia kwamba nilianzia hapa.
Namba nne, namba tano, namba sita:
mashimo yasiyoonekana kutoka veranda ya klabu,
yaliyojificha nyuma ya mgongo wa kilima.
Baba alikuwa mkata nyasi. Jumatatu, uwanja ukifungwa,
alinipa fimbo moja, namba saba,
aliyoiokota imevunjika shingo, akaikata,
akaizungushia mpira wa ndani wa baiskeli
mpaka ikatosha mikono ya miaka minane.
Ilinuka gundi. Viganja vyangu vilinuka gundi
hadi Alhamisi.

"Usitazame unakokwenda," aliniambia,
"tazama ulipokuwa.
Ukitazama unakokwenda, hauendi."
Kisha akawasha trekta, akaniacha na maneno hayo
kama mtu aliyesahau sufuria motoni.

Siku moja katibu alirudi kutafuta miwani yake.
Baba alinilaza kwenye shimo la mchanga la namba tano,
akanifunika gunia la mbolea.
Nikaisikia sauti yake, ndogo,
sauti ambayo nyumbani hatukuwa nayo:
"Ndiyo, bwana. Peke yangu, bwana."
Mchanga uliniingia sikioni.
Sidhani umetoka wote.

Fimbo ile dada yangu Mmbone aliiangushia maparachichi
hadi ikapotea. Nami nikapotelea
kwenye shule, Eldoret, ndoa, rafu za dawa za kikohozi.
Miaka thelathini na moja.
Siku niliyolipa kiingilio kwa jina langu
sikujua hata viatu vya kuvaa,
lakini vidole viliishika fimbo kabla yangu,
kidole kidogo juu ya mwenziwe,
kama ufunguo unaokijua kitasa gizani.

Namba moja bado ni mgeni mimi.
Veranda inatazama, vijiko vinanyamaza vikombeni,
napiga kama anayetia sahihi fomu asiyoisoma,
na mpira unaingia mtaroni kwa heshima zote.
Namba mbili vivyo hivyo. Namba tatu sisemi.
Halafu tunavuka mgongo wa kilima,
paa jekundu la klabu linazama nyuma yetu,
na mabega yangu yanashuka yenyewe
kama ya mama aliyetua ndoo.

Leo, namba tano, niliupiga mmoja.
Haukulia. Mkononi sikuhisi kitu,
ni kama kukata siagi iliyoachwa juani.
Macho yangu yalikuwa chini, penye kovu dogo la nyasi,
na sisimizi mmoja aliyeshangaa dunia imeenda wapi.
Chesang alipiga mluzi mrefu.
"Umefika wapi?" nikauliza.
"Wewe huoni?"
Sioni. Sikufundishwa kuona.

Baada ya namba sita huwa naaga.
"Yako mengine," anasema Lisamula, "na umeyalipia."
Najua. Wachezeni.
Matone ya kwanza yanapiga majani, makubwa, machache,
nao wanakwenda wakibishana kuhusu pigo moja lililotoweka.
Narudi namba tano kwa miguu,
nachukua reki, nasawazisha mchanga wa shimo lile
toka ukingo hadi ukingo,
ingawa leo hakuna mpira ulioangukia humo.