Chumba Namba Tisa, Palipokuwa Mahakama

Jina kamili? akauliza kijana wa mapokezi.
Jadranka Superina. Anwani?
Nikaitaja. Umeyasoma masharti?
Mkono wangu wa kulia ukajiinua wenyewe, kama wa shahidi,
naye akacheka, akadhani namsalimia.

Miaka ishirini na sita nilipiga taipu humu ndani,
nusu ya Rijeka ikipita mbele yangu.
Kizimba wamekisugua hadi kikang'aa. Ndani yake
msichana anamimina divai nyeupe ya visiwani
kwa watalii wanaoegemeza viwiko
palepale jasho la washtakiwa lilipozilainisha mbao.
Saa ya ukutani haikuguswa. Sheria ya majengo ya kale inailinda,
ingawa haijawahi kusema kweli: dakika saba nyuma, daima.
Kwa saa ile, kila hukumu iliingia kitabuni
dakika saba kabla ya kutamkwa.

Sijaja kudai kitu. Nimelipa kwa pensheni yangu,
usiku mmoja, kifungua kinywa kikiwemo.
Namba tisa ndimo zilimosikilizwa talaka,
na ya kwangu pia, Jumanne ya mvua.
Siku hiyo nilikaa upande wa pili wa meza, mikono mapajani,
mashine yangu akaipiga Nevenka,
akakosea herufi za jina langu, akafuta,
akalia kuliko mimi.
Kitanda kipo pale aliposimama Bruno
akisema hana la kuongeza.

Godoro ni laini mno kwa chumba hiki.

Najilaza chali. Lile ua la plasta darini
nilikuwa nalihesabu petali kila hakimu alipotoka kuvuta sigara:
arobaini na nne. Nahesabu tena.
Arobaini na nne, moja mpya, nyeupe kupita wenzake,
kama jino la bandia.

Namkumbuka mwizi wa nyaya za shaba, mzee wa bandarini,
miezi kumi na minne. Alisema asante.
Hilo usiliandike, hakimu akaniambia.
Niliandika.

Mlangoni wametundika kadi: Kimya, tafadhali.
Tafadhali! Sisi tulilitupa neno lile moja, peke yake,
na ukumbi mzima ukameza mate.
Naigeuza kadi upande wa pili,
ule unaosema ingia, usafishe,
naiacha hivyo, nalala na taa.