Hesabu ya Kutoa

Kiinua mgongo changu kiliingia Jumanne.
Ijumaa kilikuwa lori la mchanga
limemwagwa nje ya bikoni, kwenye kiwanja cha jirani.
Somo la kwanza: simama mwenyewe, onyesha kwa kidole.

Miaka thelathini na miwili nimeshika chaki Chikongola.
Sasa, Mangamba, nashika ncha moja ya uzi
na ncha ya pili kaishika Bakiri Nangomwa,
ambaye darasa la tatu nilimchapa
kwa kuandika kwamba tisini kutoa ishirini na sita
ni sabini na sita.
"Kwenye sifuri hutoi sita," nilimwambia.
"Nenda kwa jirani ukakope."

Vyumba vinne na varanda, basi.
Hakuna aliyenitahadharisha kuwa nyumba hula kabla ya mwenyewe:
kibali cha manispaa, njoo kesho;
mhuri wa mtendaji, njoo na picha mbili;
maji ya boza, maana bomba lipo kwenye ramani tu;
nondo za milimita kumi na mbili
nilizozipima kwa rula ya shule zikatoka kumi.
Dada yangu Somoe alikuja kutazama,
kanga kaifunga puani kwa vumbi la saruji.
"Vya kupangisha? Wageni wa gesi si walishafunga mabegi?
Atalala nani humo, popo?"

Pesa ilisimama kwenye msingi.
Nikaenda kwa jirani, nikakopa.

Mifuko arobaini ya saruji.
Mfuko mmoja, matofali thelathini na tano, alisema Bakiri,
anayekufyatulia hamsini anakujengea biskuti.
Jioni, harufu ya mabibo ikivuka ua,
tochi ya simu mdomoni, nikayahesabu
nikiyagusa moja moja kama vichwa vya watoto mstarini.
Elfu moja mia mbili tisini na tano.
Nikarudia.
Pungufu mia na tano. Mifuko mitatu kamili.

Asubuhi nilimsimamisha mbele ya vibarua wake,
wanamenya ming'oko chini ya turubai.
Nikatumia ile sauti. Ile.
"Bakiri. Mifuko mitatu iko wapi?"

Hakujibu. Alichomoa mfukoni daftari
la kurasa arobaini na nane, jalada limeganda saruji,
akalifungua penye mwandiko ule ule
unaoegemea kushoto, niliohangaika nao mwaka mzima:

Hamza kachukua mifuko 3. Kasema mama anajua.
Mama hajui. Kata kwenye ujira wangu.

Na chini yake, kwa penseli,
laki mbili na sabini kutoa elfu hamsini na moja.
Alikopa pale panapokopwa.
Jibu lilikuwa sahihi.

Hamza ni mwanangu. Wa mwisho.
Juzi tu alivaa viatu vipya, nikavisifia.

Mkono wangu ulikuwa ndani ya pochi,
unatafuta kalamu nyekundu kwa mazoea,
vibarua wameacha kutafuna.
Nikatoa noti. Akazihesabu, akarudisha moja iliyozidi,
akachuchumaa penye tofali la kwanza la kona,
akafumba jicho moja.

"Mwalimu," akasema, "vuta uzi.
Umelegea upande wako."