Kisichosemwa

Maji ya Umoja huja Jumanne na Ijumaa.
Leo Jumapili, basi nanawa kwa hewa:
kiganja kwa kiganja, mgongo wa mkono,
katikati ya vidole, kidole gumba, kucha,
na mwanangu Mugisho kaketi juu ya mtungi wa gesi,
simu mkononi, saa inahesabu.
"Mama, hujasema umefunga mfereji kwa kiwiko."
Nimeufunga.
"Hujasema."

Ndiyo sheria yao, nimeibandika juu ya jiko:
kisichosemwa hakijafanyika.
Mtahini atakaa pembeni na kalamu,
hatatabasamu, hatakunja uso,
atatia alama kwa nitakayoyatamka tu.

Miaka kumi na saba Bukavu nilifanya kimya.
Umeme ukikatika wodi ya wazazi
nilipapasa kitovu gizani, nikakifunga,
na aliyesema ni mtoto.

Nilivuka mpaka na vyeti ndani ya mfuko wa unga.
Vikatafsiriwa, vikapigwa muhuri,
vikarudishwa kwa kukosa muhuri wa pili.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
mimi huu mwaka wa nne
na jembe langu bado limo kwenye faili.
Mchana namtunza bibi mmoja Kileleshwa.
Huitwa dada wa kazi,
ingawa dripu yake ikiziba
ni mimi ninayeona kwanza.
Kule niliita serumu. Kule presha ni tansio.
Ulimi nao unajifunza kunawa.

Mgonjwa wangu ni mto wa kulalia.
Bwana Mto, miaka sitini, mzio wa penisilini,
havuliwi shati, hapumui,
na bado humuuliza kama amelala vizuri.

Leo Mugisho amemchoka. Akatoka,
akagonga mlango wa tatu,
akarudi na Mzee Ndolo, mlinzi wa usiku,
sare tayari mwilini, buti mkononi.
"Nasikia mnatafuta mgonjwa.
Mimi ni mzima, lakini kwa chai naweza kuugua."

Akajilaza kwenye kochi.
Habari za jioni. Naitwa Nsimire, ni muuguzi.
Naomba majina yako kamili.
"Si unanijua?"
Nakujua. Nitajie.
Nikaeleza nitakachofanya, nikaomba ridhaa,
nikavuta pazia ambalo halipo,
nikamfunga kitambaa cha mashine ya kuazima,
nikajaza upepo, nikauachia polepole,
nikasikiliza.

Nikajaza tena.

"Mama, dakika zinaisha. Sema."

Mkono wa pili. Nikajaza.

"Mama, sema namba!"

Mia moja tisini na nane.
Chini, mia moja kumi na sita.

Mzee akageuza shingo:
"Hiyo ni ya mtihani, ama ni yangu?"

Nikapiga magoti.
Kichwa kinauma tangu lini? Macho je? Kifua?
Na zile dawa ulizoandikiwa Mama Lucy?
"Niliacha Februari. Karo."
Akasema hivyo akitazama buti zake,
kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa zamu.

Simu ikalia: muda umekwisha.
Mugisho akaizima,
akaanza kutafuta viatu vyake bila kuambiwa.

Saa tatu usiku, dawati la dharura,
muuguzi kijana, kalamu sikioni:
"Na wewe, mama, ni nani?"
Jibu nilikuwa nalo,
nimelifanyia mazoezi miezi sita mbele ya mto:
jina, cheo, tabasamu la kiasi.
Nikasema, Jirani.
Akaandika.

Mzee wamemlaza. Presha imeanza kushuka, pole pole,
inavyotakiwa kushuka.
Tumerudi kwa miguu, mwanangu na mimi,
baridi ya Julai inapenya sweta,
mtihani ni Alhamisi.
Karibu na geti akacheka peke yake.
"Ungefeli, Mama."
Kwa nini?
"Ulipomaliza hukunawa mikono."

Nikaitazama chini ya taa ya geti, yote miwili.
Maji ni kesho kutwa.