Namba Arobaini na Moja

Aprili tulianzia kwenye kiwanja cha ndege cha vita,
Ohio, marubani walikokwisha kwenda zao
na majani yakatoboa lami bila kuomba ruhusa.
Marobota ya nyasi kavu yakapangwa kwenye kona.
Mwenye kipaza sauti akatuita madereva na wageni waheshimiwa,
sisi madaktari wa meno, wauza bima,
na Bwana Oestreich, fundi saa, mdogo kama kidole.

Delmar huuza viatu, Jumatatu hadi Ijumaa.
Hupiga goti mbele ya miguu ya watu
akauliza kama kidole gumba kinabanwa.
Jumamosi anabandika 41 mlangoni
kwa plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda,
anang'oa taa za mbele, analaza kioo,
na gari lile lile lililotupeleka kanisani
linanguruma kama linadai deni.

Kazi yangu saa.
Mbili, zimefungwa kwenye ubao,
penseli sikioni, daftari gotini.
Akipita, nabonyeza.
Dakika mbili, sekunde kumi na nne.
Dakika mbili, sekunde kumi na nne.
Saa haina mume.

Juni tukashindana katikati ya mji, Wisconsin;
wenyeji vibarazani na maji ya limau,
na gari jekundu la tajiri wa Chicago
likatupita kama tusi.
Julai valvu ikaungua.
Fedha ya friji ikanunua valvu.
Maziwa tukayaweka dirishani, yakachacha.

Agosti, mbio za kina mama, mizunguko mitano.
Helmeti ya Delmar ilinipwaya,
nikachomeka soksi yake kisogoni.
Waliosema mwenda pole hajikwai
hawakuiona kona ya tatu ikija,
pana, tupu, nyeupe kwa jua,
na mguu wangu ukikataa katakata kuinuka.

Saa alishika yeye.
Aliandika 2:11
akikandamiza penseli mpaka karatasi ikachanika.
Tukarudi maili mia mbili, mahindi huku, mahindi huku,
redio ikitaja bei ya nguruwe.
Karibu na usiku wa manane akauliza:
"Kona ya tatu, ulirudisha gia wapi?"
"Sikurudisha."
Akazima redio. Akaiwasha tena.

Septemba Bwana Oestreich alipinduka
mahali pasipo na kona.
Mbio zilisimama dakika kumi na tisa.
Nilizipima. Sijui kwa nini nilizipima.
Dukani kwake, mkewe aliniambia baadaye,
saa za watu ziliendelea kulia kila moja kwa wakati wake,
hakuna aliyejua ipi ni ya nani.

Oktoba tukapata nafasi ya tatu
na kikombe kinachotosha yai moja.
Delmar alikiweka dukani, karibu na rangi ya viatu;
mteja mmoja akaacha humo pini.

Sasa ni Novemba. Gari liko ghalani kwa mama,
juu ya matofali, chini ya turubai,
kuku mmoja amelichagua.
Delmar anasema mwakani labda, labda,
friji kwanza.
Nakubali kwa kichwa, nikikaanga.

Jana nilikwenda kutafuta mayai.
Helmeti imeninginia kwenye msumari wake.
Nikatia mkono ndani:
soksi bado ipo.
Nikaiacha.