Dobi wa Jenerali

Kaitano, mpishi wake Mgoa, alileta masanduku matatu
kwa hamali, hadi uani kwangu Kibokoni.
"Zifue zote. Bwana ataka kuziona safi
kabla meli haijaja kumrudisha kwao."

Mimi Mwijaa sijui kusoma kitabu. Nasoma kola.

Sanduku la kwanza: kikoti cha kijana,
kiuno cha kushikwa kwa viganja viwili.
Kwapani jasho la miaka arubaini
limeganda kama chumvi ya kisima changu.
Jasho la hofu halitoki kwa sabuni moja.

La pili: Krimea, alinitajia Kaitano, kisha Lakhnau,
kisha Uhabeshi kwenye majabali.
Nikazijua nchi kwa matope yake:
meusi, mekundu, ya rangi ya majivu.
Kila vita, kiuno kilizidi upana wa kidole,
mabegani nyuzi za dhahabu zilizidi uzito.
Damu nyingi. Si yake.
Damu ya mwenye nguo hutoka ndani ikaja nje;
hii ilitoka nje.

La tatu lilikuwa na koti moja tu,
limeviringwa shukani na karafuu za kufukuza nondo.
Kifuani, duara jekundu bichi
ambapo nishani ilikinga jua.
Mgongoni, chini ya bega, tundu
la kupita kidole changu cha shahada.

Risasi haimzunguki mtu kumtafuta mgongo.
Ama aliwapa adui kisogo,
ama waliokuwa nyuma yake walikuwa wake.

Alasiri akaja mwenyewe, na mkongojo,
miguu vijiti, suruali inamcheza.
Hakuuliza bei. Akauliza, kwa Kiswahili cha forodhani:
"Tundu naonekana?"
Nikamwambia, nimelitia kiraka kwa ndani, Bwana,
uzi nimenunua kwa Bohora wa Ndia Kuu.
Akapapasa, akapapasa, kama kipofu atafutaye komeo.
Kisha akataja jina la mtu.
Si langu, si la Kaitano.

Siku ya pili, homa. Ya nne, jeneza.
Usiku Kaitano akanibishia: lipige pasi.
Nikatia makaa, nikatia wanga wa muhogo,
kola ikasimama wima
kuliko alivyosimama yeye.

Wakapiga mizinga. Kasisi akasoma,
Kaitano akanifasiria sikioni:
"Hakuwahi kumpa adui kisogo."
Nikainamisha kichwa. Siri ya mtungi aijuaye kata;
ya koti, dobi,
na sasa mchanga, maana walimlaza chali.

Ukutani kwangu pana mistari saba ya mkaa,
rupia saba. Hakuna aliyekuja kulipa.
Kila nipakapo chokaa, brashi huiruka.