Baada ya Kifungua Mimba

Ile ya kwanza ilijizaa.
Uliingia na gitaa la kuazima, nyuzi tano,
ukatema nyimbo tisa, jogoo wa Kaptembwo hajawika,
kazi yangu mimi ikawa kushika ndoo tu
maji yasimwagike.

Zilikuwa nyimbo za baba.
Baba utingo, aliyepanda lori la saruji
akasema narudi Ijumaa
na hakusema Ijumaa ya mwaka gani.
Nakuru ikazipokea. Vijana wa Rhonda
wakaandika maneno yako kwenye raba zao;
na kule Kisumu, ukumbini, watu mia nne
walikuimbia ubeti wa tatu, wewe ukanyamaza,
umeshika maikrofoni
kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe.

Sasa wanauliza: ya pili lini?
Wanauliza dukani, kwa msusi, matangani.
Matanga yenyewe ya shangazi yako, Mbale,
binamu kabeba sahani ya nyama: ya pili lini?
Kama mzazi anavyoulizwa, mgongo haujakaza,
lini atamletea wa kwanza mwenziwe.

Basi ukaja Jumanne, Mideva,
na daftari la kurasa mia moja, zote nyeupe,
ukaketi juu ya kreti ya soda, ukasema:
"Amerudi."

Nikazima mashine.
Kinu cha posho nyuma ya ukuta hakikuzima,
kikaendelea na mahindi ya watu.
"Amerudi Ijumaa," ukasema, na tukacheka
kile kicheko kibaya kinachoacha mbavu zinauma.
Ana kikohozi. Anakunywa chai bila sukari.
Anafagia ua kabla hujaamka.
Amesikiliza albamu yote kwenye simu ya mama,
akasema gitaa la wimbo wa nne linachelewa.

"Na linachelewa kweli?"
"Linachelewa."

Hasira uliyoifuga miaka kumi na minne,
mtaji wako wote,
imekuja na kigunia na jozi moja ya viatu,
iko mezani, inakuomba chumvi.

Wenye pesa walitaka makali yale yale:
kisu kile, mpini mpya.
Wiki tatu tukarekodi usiku, kinu kikilala,
tokeni za stima zikila karo ya wanangu.
Trei za mayai ukutani zilimeza sauti yako
zisirudishe kitu.
Ulijaribu kukasirika. Nilisikia kwenye hedifoni:
hasira inakupwaya
kama koti la marehemu mnene.
Nikafuta. Ukaniita mshenzi.
Kesho yake ukaleta maandazi.

Halafu usiku ule wa mvua ya mawe
mlango ukagongwa: yeye, na sweta yako kwapani.
Hakusema neno. Akakaa karibu na kizingiti
pale wanapokaa wadeni.
Ukaanza kitu kisicho na jina, kodi tatu,
maneno machache, ufagio ndani yake,
na kikombe kisicho na sukari.
Katikati, akakohoa.

Nikanyoosha kidole nikate.
Ukatikisa kichwa.
Ukaacha kikohozi kipite chote, mpaka mkia wake,
nyuzi zikivuma,
kisha ukaingia, ukichelewa kidogo,
ukichelewa makusudi.

Ni wimbo wa saba, dakika ya pili na ushei.
Wenye spika nzuri watadhani ni ngoma;
wengine watasema fundi alisinzia.
Sijui kama itauza.
Kifungua mimba akilia mtaa mzima hukimbilia mlangoni.
Wa pili hukuta watu wana kazi zao.

Kulipokucha mwenye kinu akafungua,
vumbi la unga likatupata tukiwa mlangoni.
Baba yako akainama, akalichukua gitaa,
akalitwika begani kama mfuko wa saruji.
"Si hivyo," ukasema.
Ukamwonyesha.