Gramu Ishirini

Studio ya redio, Riga, ghorofa ya tatu.
Theluji ya Februari inapapasa kioo
kama paka aliyefungiwa nje.
Skaidrīte Kalve amekilaza kitabu chake kifudifudi,
kurasa mia nne na kumi na mbili
za historia ya jiwe la mizani,
na juu yake ameweka miwani
kana kwamba kinaweza kupeperuka.

Nimewahoji wengi kwenye kiti hicho.
Yule wa nyuki, aliyekohoa kila alipomtaja malkia.
Yule wa madeni ya wafalme,
aliyeniazima nauli ya tramu, na mpaka leo kimya.
Yule wa usingizi, macho mekundu kama nyanya.
Wote nimewauliza swali moja, bovu,
lakini ndilo nililo nalo:
wazo hili ulilitoa wapi?
Nao huja na jibu lililokwisha kuchemshwa,
limemenywa, limetiwa na chumvi.

Naye vilevile. Akataja nyaraka, makumbusho,
kipande cha platinamu chini ya vifuniko vya kioo,
wataalamu waliokipima wakashtuka
kwamba hata kilo yenyewe haitulii.
Nikatikisa kichwa. Mashine ikanasa.
Ndipo likanitoka swali ambalo halikuwa kwenye karatasi:

Na nyumbani kwenu, nani alipima?

Sekunde tisa.
Nyuma ya kioo Gatis, fundi wetu, aliinua mikono.
Redio haiogopi uongo
kama inavyoogopa ukimya.

"Baba," alisema. "Aliuza kabichi chachu sokoni,
kwenye pipa, koleo la mbao, harufu ya kisibiti.
Alikuwa na utani kwa kila mama,
na alipokuwa akitania
kidole gumba chake kilipumzika ukingoni mwa sahani.
Kilipumzika tu. Gramu ishirini.
Nimepiga hesabu: wateja sitini kwa siku,
siku mia tatu, miaka kumi na tisa.
Karibu tani saba za kabichi
ambayo haikuwahi kuwapo duniani.
Tuliila sisi.
Ilikuwa viatu vyangu. Ilikuwa piano.
Ilikuwa ada ya chuo
nilikokwenda kujifunza neno uadilifu."

Haba na haba, nikawaza,
hukipunguza kibaba cha jirani.

"Bi Zelma wa chini yetu
alinunua nusu kilo kila Alhamisi
na hakuondoka bila kushukuru.
Yeye ndiye anayenikosesha raha. Si zile tani."

Mbona hayumo kitabuni?

"Alikuwamo. Sura ya saba, tazama,
kuna aya moja nyembamba kuliko wenzake.
Nilimwandika baba pale mara tatu,
mara tatu nikamfuta.
Mhariri alisema inasomeka vizuri zaidi hivyo.
Ni kweli, inasomeka vizuri."

Akavaa miwani, akaivua.
Nilikuwa bado na maswali sita. Sikuyauliza.

Usiku tulikata mahojiano.
Gatis aliutazama ule ukimya kwenye skrini,
mstari ulionyooka kama barabara ya nyika,
akasema: tubakize mbili. Saba nzima, nani atajua?
Gumba lake lilikuwa limepumzika juu ya kitufe.
Limepumzika tu.

Tulirusha tisa.
Mtu mmoja wa Liepāja alipiga simu kulalamika
kwamba mitambo yetu imeharibika.
Mwanamke mwingine, sauti ya uzee, hakutaja jina,
aliuliza kama kisibiti hutiwa kabla ya chumvi au baada.
Nilimpelekea Skaidrīte swali lile.
Akajibu siku ya tatu, kwa kadi ya posta:
Baada. Wala asipime,
atumie kiganja.